Tambuu ya Baba Kinywani mwa Yi-ju

Kila jioni baada ya chakula, Bun-hiong alimsimamisha binti yake kwenye karo la nyuma ya nyumba akamkagua meno. Alimshika kidevu kwa vidole vilivyokauka kwa saruji, akamgeuzia uso kwenye taa, akasema, "Fungua. Panua zaidi. Nataka kuona magego." Yi-ju, aliyekuwa darasa la nne, alifungua. Meno yalikuwa meupe pee, yamesuguliwa juu hadi chini, mbele na nyuma, vile vile baba alivyoagiza, na baba akaridhika. Halafu aligeuka pembeni akatema mate mekundu kwenye kikombe cha karatasi, maana muda wote huo shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kwa tambuu.

"Usije ukawa kama mimi, umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Alilisema hilo kila siku, na alilisema kwa moyo mmoja. Shida ya Bun-hiong haikuwa maneno. Kwa maneno alikuwa baba wa kupigiwa mfano.

Kazi yake ilikuwa kumwaga zege. Huku Pingtung, kusini mwa Taiwan, mtu wa zege hutafuna, na kama yupo asiyetafuna basi hajaonekana. Popoo mbichi inapasuliwa, inapakwa chokaa, inafungwa kwa jani la mtambuu. Ikishakaa shavuni mwili unapata joto, macho yanafunguka, na mikono inasahau kwamba imechoka. Zege likianza kushuka kutoka kwenye pampu halimsubiri mtu apumzike. Kila asubuhi, kabla koleo halijaguswa, nyapara wao Thian-su alifungua mfuko wake akauzungusha kwa kila mmoja, na kila mmoja alichukua. Kuukataa mfuko wa Thian-su ni sawa na mtu kukunyooshea mkono wa salamu nawe ukautazama tu.

Asubuhi moja ya Jumatatu, Yi-ju alikuwa akipiga mswaki, na povu alilotema lilikuwa jekundu. Mama yake, Siok-ngo, alidhani ni fizi zinatoa damu. Akamwambia asukutue. Yi-ju akasukutua, akatema, yakatoka mekundu zaidi. Siok-ngo akainama juu ya karo akanusa. Alikuwa amelala kitanda kimoja na harufu ile tangu aolewe. Hakuhitaji kunusa mara mbili.

Bun-hiong alikuwa kwenye ngazi ya mlango akifunga viatu vya kazi, tambuu ya kwanza ya siku ikiwa shavuni.

"Baba Yi-ju," mkewe aliita, "hebu tema kidogo."

"Nitemee nini saa hizi?"

"We tema tu, bwana."

Bun-hiong akatema. Yalikuwa maji matupu, safi. Akatafuna kwa nguvu, akatema tena: maji. Ndani kule, Yi-ju akatema kwenye karo, na karo likawa jekundu mpaka kwenye tundu.

"Ni yako hiyo," Siok-ngo alisema.

"Inaelekea," alisema Bun-hiong. Akaitoa tambuu akaitupa kwenye majani. Baada ya muda mate ya mtoto yakawa meupe, akamaliza kupiga mswaki, akavaa begi. Alikuwa ameshachelewa, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya mazungumzo marefu.

Nesi wa shule aliwaita wazazi wiki hiyo hiyo. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akamwambia Yi-ju akunje mkono, asimamishe vidole vitatu, avipitishe wima kati ya meno ya juu na ya chini. Viliingia, lakini kwa kubana.

"Hapa bado," nesi alisema. "Vikianza kuingia viwili tu, ujue mdomo unafungika, mje haraka. Nani anatafuna?"

"Mimi," alisema Bun-hiong.

"Nilidhani hivyo. Mwaka jana tulikuwa na mtoto wa dereva wa lori, kila Jumatatu anakuja na pombe ya baba yake kichwani. Hajawahi kuonja hata tone, maskini." Akawapa kijikaratasi chenye picha ya baba na mtoto wamevaa nguo za kulalia zinazofanana, wote wawili na miswaki mdomoni, wanacheka. Chini yake pameandikwa: Mtoto huiga mzazi wake.

Siok-ngo alikisoma njia nzima wakirudi, amekaa nyuma ya pikipiki. "Angekuwa anaiga," alisema mwishoni, "ningemchapa, akaacha. Huyu haigi. Huyu ametwishwa."

Bun-hiong aliongeza mwendo kidogo.

Usidhani alikuwa mtu asiye na utu. Alikuwa anajua tambuu inafanya nini, na alijua kuliko huyo nesi. Baba yake mzazi alitafuna maisha yake yote katika shamba la mipopoo, mpaka shavu likatoboka, mdomo ukafungika, na Bun-hiong ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa mrija. Alipokufa, wageni wa mazishi walipitishiwa sinia la sigara na tambuu kama desturi inavyotaka, na Bun-hiong, akiwa bado na kitambaa cha gunia cha msiba kichwani, alichukua moja akaitia mdomoni kwa sababu alikuwa hajalala. Picha ya mzee ilikuwa ukutani juu ya madhabahu ya nyumbani. Ilipigwa upande wa shavu zima.

Kwa hiyo aliacha. Aliacha siku hiyo hiyo waliyotoka kwa nesi. Kesho yake Thian-su alipomnyooshea mfuko, Bun-hiong akasema, "Leo napumzika, kaka."

"Unapumzika? Umeingia utawa?"

"Mtoto. Ikiwa mdomoni mwangu, inatoka mdomoni mwake."

"Ahaa," alisema Thian-su, naye alikuwa na watoto. "Pole. Wa kwangu wa pili alibeba maumivu ya mgongo wangu huyo, mpaka alipoolewa." Kisha akaendelea kumnyooshea mfuko, kwa sababu mkono ulikuwa umeshanyooshwa na vijana walikuwa wanatazama. Ulibaki hapo hewani, kati yao. Bun-hiong akachukua moja akaiweka mfukoni mwa shati, kwa heshima tu.

Hapo ndipo alipokosea. Tambuu iliyoko mfukoni inanukia. Kufika saa nne, mgongo umeanza kulia na jua limeanza kuchoma, Bun-hiong alijiambia kwamba ni moja, tena ndogo, na Yi-ju saa hizo yuko kwenye hesabu, hesabu haihitaji mdomo. Akaitafuna nyuma ya rundo la nondo, peke yake, kama mwizi. Mate yake yalikuwa safi. Alisimama pale akitema maji meupe kwenye mchanga, na aibu ilimshika mpaka masikioni. Lakini mgongo ulinyooka.

Baada ya hapo aliacha mara nyingi. Kuacha hakukumshinda, kilichomshinda ni kukaa ameacha. Na kila aliporudi nyumbani alijua, kabla hajavua viatu, kama Siok-ngo amejua. Vikombe vya karatasi alivyotemea Yi-ju vilikuwa vimepangwa kwenye ukingo wa karo, vimekauka wekundu ndani, hajavitupa. Siok-ngo alikuwa anaviacha pale avione, basi.

Bun-hiong mwenyewe, ajabu, alizidi kupendeza. Wekundu wa miaka mingi ulitoka kwenye meno yake. Fizi zikakaza, shavu likalainika, pumzi ikawa haina harufu. Vijana wa kazini wakamtania.

"Bro Hiong, umepata mchumba nini? Meno ya harusi hayo!"

"Mwoneni, anatabasamu kama tangazo la dawa!"

Hakuwa anatabasamu. Alikuwa amefungua mdomo apumue. Mwezi ule kampuni iliwapeleka kupimwa mjini, na daktari wa meno, kijana mwenye glavu za bluu, alimchungulia kinywa kwa taa, akaguna kwa furaha, akamwita mwenzake naye aje atazame. "Uliacha lini, mjomba?"

"Kitambo kidogo," alisema Bun-hiong.

"Hongera sana. Kinywa kama cha mtoto. Watu kama wewe ndio tunawataka wakawe mfano kwa wenzao."

"Asante, daktari," alisema Bun-hiong, akashuka kwenye kiti. Jioni hiyo alimsimamisha Yi-ju kwenye karo kama kawaida. Akamwambia apitishe vidole. Vikaingia viwili. Akamwambia ajaribu tena, asijibane, afungue kama anakula pera. Yi-ju alijitahidi mpaka machozi yakamtoka pembeni, na vikaingia viwili.

"Nadhani vidole vimenenepa, Baba," Yi-ju alisema.

Siok-ngo alinunua kijiko kidogo cha kulishia watoto wachanga akakitia kwenye droo pamoja na vijiko vingine.

Bun-hiong akaona hili sasa limepita uwezo wa binadamu. Jumapili akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akaenda kwa Bwana wa Ardhi. Kihekalu chake kiko pale barabara ya mashambani inapokata mfereji, hakimzidi mtu kimo, na Bwana mwenyewe amekaa ndani na ndevu zake na joho lake la dhahabu. Huku wakulima ni wa mipopoo na yeye ni mungu wa wakulima, kwa hiyo anatafuna. Midomo yake ya mbao imekuwa myekundu, na ndevu chini ya midomo pia, na hakuna anayempaka rangi. Haiwezekani kumwendea mikono mitupu, na haiwezekani kumpelekea machungwa wakati kila mtu anajua anapenda nini. Bun-hiong alinunua mfuko mkubwa wa tambuu, zile za popoo changa zenye kuchaguliwa moja moja, akazipanga kwenye sahani mbele yake, akawasha ubani.

Alijitaja jina. Akataja kijiji na namba ya nyumba, maana Bwana wa Ardhi ana watu wengi. Akaeleza yote. "Nakuomba," alisema, "wekundu huu umtoke mtoto, urudi kwangu mwenyewe. Mdomo ni wangu, dhambi ni yangu." Aliyasema hayo huku analia, kilio cha kweli, mpaka bibi mmoja aliyekuwa akipita na toroli la mboga akasimama kidogo kwa adabu.

Akachukua vile vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mchanga, akavirusha sakafuni apate jibu. Vyote viwili vikaangukia mgongo, maana yake mungu anacheka. Akarusha tena. Mungu akacheka tena. Mara ya tatu kimoja kikalala kifudifudi na kimoja chali, maana yake amekubali. Bun-hiong akainama mpaka paji la uso likagusa jiwe.

Akangoja ubani ufupike, kumpa Bwana muda wa kula. Kisha akakusanya sadaka zake arudi nazo nyumbani, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Mungu anakula utamu wake, vinavyobaki vina baraka na ni vya familia. Kuviacha pale ni ufidhuli, kuvitupa ni tusi. Ungeviona vinywaji na kuku na keki vinavyobebwa kurudi majumbani siku za sikukuu! Lakini mke wake hatafuni, na mtoto ndio huyo. Katika familia nzima mwenye meno ya kula baraka ile alikuwa mmoja.

Akavuta kiti kivulini uani. Alijiambia kwamba hizi si tambuu za dukani. Hizi zimepita mikononi mwa Bwana, na Bwana amekubali. Akala ya kwanza kwa unyenyekevu, kama mtu anayemeza dawa. Ikafuata ya pili. Alizimaliza zote alasiri ile, moja baada ya nyingine, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu.

Siok-ngo alitokea mlangoni na mikono yake imelowa. Nyuma yake, mezani, Yi-ju alikuwa amelaza kichwa juu ya daftari la kazi za shule, jasho linamtiririka, kikombe mbele yake kimejaa hadi ukingoni.

"Unafanya nini, Baba Yi-ju?"

"Nakula baraka."

"Baraka unakula wewe," alisema Siok-ngo. "Anayetema nani?"

Bun-hiong alisimama. Akaenda mezani akamfuta mtoto jasho kwa mkono wa lile shati jeupe. "Bwana alikubali," alisema. "Mara ya tatu, lakini alikubali."

"Ulimwomba nini hasa?"

Akamweleza neno kwa neno. Siok-ngo akasikiliza mpaka mwisho, akisubiri.

"Na ulimwambia utaacha?"

Bun-hiong akajikuna kichwa. Alipitia maombi yake tangu namba ya nyumba hadi machozi. Alikuwa amemwambia Bwana wa Ardhi kila kitu, isipokuwa hilo.

"Basi ndiyo maana alicheka," alisema Siok-ngo, akaenda kutafuta kikombe kingine.

Ilipofika wiki ya afya, shule iliandaa mashindano ya hotuba. Mada ilikuwa "Afya Huanzia Nyumbani." Mwalimu alimchagua Yi-ju kwa darasa la nne, kwa kuwa ana sauti na hasahau. Alifanya mazoezi uani kila jioni, mbele ya mabata. Mdomo ulikuwa haufunguki sana, kwa hiyo alijifunza kusema kwa kutumia macho na mikono, na ilipendeza. Kulikuwa na sehemu katikati isemayo kwamba baba yake humkagua meno kila jioni bila kukosa, na hapo alinyoosha mkono kuelekea alipo baba. Bun-hiong akaangalia mabata.

Siku moja kabla, Yi-ju alimfuata akiwa anaosha viatu vyake.

"Baba, kesho asubuhi usitafune. Mpaka mchana tu. Mchana tutakuwa tumemaliza."

"Naapa," alisema Bun-hiong. "Mbele ya babu yako pale ukutani, naapa."

"Huna haja ya kuapa, Baba. We usitafune tu."

Kesho yake walikuwa wanamwaga slabu ya juu ya ghala la chama cha wakulima. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu alfajiri kwenye mlima Dawu, na Thian-su alikuwa anawapigia kelele wamalize kabla ya mvua. Bun-hiong alishika mpira wa pampu. Mpira ule ukijaa zege unarukaruka wenyewe, na mwenye kuushika lazima aukumbatie na kutembea nao kinyumenyume juu ya nondo. Asubuhi mfuko ulipopita alikataa, kabisa, hata mfukoni hakutia. Akafanya kazi. Kila alipogeuka aliangalia jua nyuma ya mawingu na kuhesabu: sasa wanaimba, sasa mwalimu mkuu anaongea, sasa darasa la kwanza.

Mara mpira ukamshinda. Ukampiga begani ukamtupa magoti kwenye zege, na kijana aliyekuwa nyuma yake nusura adondoke ukingoni.

"Hiong!" Thian-su alipiga kelele. "Utaniulia watu! Tia kitu mdomoni au shuka!"

Mkono ulikuwa umeshanyooshwa. Bun-hiong aliangalia juu. Alikadiria kwamba darasa la nne wameshapita, huenda hata zawadi zimeshagawiwa. Alikadiria haraka haraka, kama mtu anayejua jibu analolitaka. Akaitia shavuni. Utamu wa chokaa ukapanda mpaka kwenye macho, mikono ikarudi, mpira ukatulia kifuani. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba ilikuwa tamu.

Walimaliza kabla ya mvua. Bun-hiong alirudi nyumbani anaendesha polepole, akitumaini sijui nini. Siok-ngo alikuwa jikoni na hakugeuka. Yi-ju alikuwa mezani anakula uji kwa kijiko chake kidogo, na mbele yake palikuwa na mswaki mpya kwenye boksi lenye utepe.

"Imekuwaje?" Bun-hiong aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Nimekuwa wa pili."

"Wa pili! Hongera, mwanangu." Akameza mate. "Na... ulisema saa ngapi?"

"Wa mwisho. Walitupigisha kura, mimi nikapata ya mwisho."

Mvua ilianza kupiga bati. Siok-ngo akaongea akiwa amewapa mgongo. Alisema alikuwa amekaa viti vya nyuma na wazazi wengine. Mtoto alianza vizuri, akasema sehemu ya kwanza, na alipofika pale pa baba kumkagua meno akanyamaza. Watu wakadhani amesahau. Mashavu yakajaa, macho yakajaa. Chini ya jukwaa nesi alikuwa ameshasimama na kikombe.

"Halafu?" aliuliza Bun-hiong.

"Nilimeza," alisema Yi-ju. "Ningetema wangecheka. Nikameza, nikaendelea, ikajaa tena, nikameza tena. Baadaye nilitapika nyuma ya ukumbi, lakini ilikuwa nimeshamaliza."

Bun-hiong akakaa kwenye kiti na zege limemkaukia magotini. Alitaka kusema mambo mengi. Kilichotoka ni, "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe mimi." Alijisikia mchafu kwa mdomo wake safi.

"Sijakasirika, Baba." Na kweli hakuwa amekasirika, alikuwa na uso wa mtu mwenye jambo la kupangwa. Akaweka kijiko chini. "Ila nilikuwa nafikiri kwenye basi. Kwani huwezi kuwa unatafuna asubuhi, kabla sijaenda shule? Nikatema yote hapa hapa nyumbani. Halafu tena nikisharudi. Nikiijua saa, nitajipanga."

Bun-hiong alikuwa na kiapo kingine tayari. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote, cha kuacha kabisa, na safari hii alikuwa ameamua atakisema kwa magoti. Alikuwa anasubiri tu aombwe. Alimtazama binti yake akisubiri neno hilo, na Yi-ju alimtazama akisubiri jibu la saa. Hakuombwa. Mtoto alikuwa ameshaacha kumwomba aache kabisa, na Bun-hiong hakujua aliacha lini.

"Sawa," alisema. "Asubuhi."

Siok-ngo alianza kuosha vyombo. Alivigonganisha kuliko ilivyohitajika.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi waliweka viti viwili karibu na karo. Yi-ju alishika kikombe, akasema, "Haya, Baba," na Bun-hiong akatafuna, harakaharaka, ili amalize. Mtoto alitema mpaka yakawa meupe, akapiga mswaki juu hadi chini, akasema, "Asante, Baba," akavaa begi. Majirani waliopita waliwasalimia. Mwenye duka la pale njia panda alianza kuongeza vikombe vya bure kwenye mfuko.

Lakini siku za slabu kubwa, asubuhi haikutosha. Saa nne ilifika na mgongo ukalia, na mfuko wa Thian-su ukapita. Mwalimu wa darasa la nne, bila kuulizwa wala kuuliza, alimhamishia Yi-ju kwenye dawati la dirishani. Darasa lilikuwa ghorofa ya kwanza. Kabla muhula haujaisha, ukuta mweupe wa shule chini ya dirisha lile ulikuwa na mchirizi mwekundu mpaka kwenye maua.

Bun-hiong aliuona akipita na lori la mchanga. Akamwomba dereva asimame. Jumatano, siku ambayo hakuwa na kazi, alikwenda shuleni na ndoo ya chokaa na brashi zake, hakumwomba mtu malipo, akasugua ukuta kwa brashi ya waya mpaka wekundu ukatoka, akaanza kupaka. Alipaka kwa mikono ya mtu anayetubu, kila mstari sawasawa, pembe hadi pembe, ili lisibaki hata doa. Mwalimu mkuu alipita akamshukuru, akasema wazazi wa namna hii ni wachache. Bun-hiong akasema si kitu. Alipomaliza mara ya kwanza akarudi nyuma akatazama. Ukuta ulikuwa mweupe pee. Jua lilikuwa kali, ndoo nzito, na bado palitakiwa kupakwa mara ya pili. Akatumbukiza brashi, na mkono mwingine ukaingia mfukoni, ukatoka na moja, ukaitia shavuni. Hakufikiri. Alikuwa anafikiria ukuta.

Juu yake dirisha likafunguka. Yi-ju akachungulia kwanza, kama alivyozoea, aone kama kuna mtu chini. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, kwa hiyo alimwashiria kwa mkono: Baba, sogea kidogo.

Bun-hiong akasogea, akavuta na ndoo yake.